MJI WA VERONA NA MAWE YAKE

Upande wa kaskazini wa nchi ya Italia, chini ya milima ya Alps, uko mji wa kale uitwao Verona. Mto Adige hushuka kutoka milima hiyo na kupita katikati ya mji, na mkondo wake umepinda kama herufi S.

Wageni wengi huja Verona kwa sababu ya hadithi ya Romeo na Juliet aliyoiandika Shakespeare. Hao huenda kuitazama nyumba iitwayo ya Juliet na roshani yake, ingawa roshani hiyo haikuwekwa pale ila katika karne ya 20. Lakini sisi na tuvitazame vitu vitatu vilivyo vya kale zaidi. Vyote vitatu vilipata kubomoka, na vyote vingali vinatumika.

Cha kwanza ni Arena. Warumi waliijenga katika karne ya kwanza baada ya Kristo, na umbo lake ni kama la yai. Watu wapatao 30,000 waliweza kuketi ndani yake juu ya madaraja ya mawe, wakitazama mapigano ya watu na ya wanyama. Zamani ilizungukwa na ukuta mrefu wa nje wenye matao. Hata mwaka 1117 likatokea tetemeko kubwa la nchi, na ukuta ule ukaanguka karibu wote. Mawe yake mengi yakachukuliwa kujengea majumba ya mji. Leo kimesalia kipande kimoja tu cha ukuta huo, chenye upana wa matao manne. Walakini sehemu ya ndani ilitunzwa, na tangu mwaka 1913 watu hukusanyika humo wakati wa joto kusikiliza michezo ya nyimbo iitwayo opera.

Cha pili ni kanisa la Mtakatifu Zeno. Zeno alikuwa askofu wa Verona katika karne ya 4, na mapokeo ya wenyeji husema kwamba alitoka Afrika ya Kaskazini. Ndani ya kanisa mna sanamu yake ya mawe, yenye uso mweusi unaocheka, na katika fimbo yake ya uaskofu ananing'inia samaki. Milango mikubwa imefunikwa kwa vibao 48 vya shaba, vyenye picha za habari za Biblia na za maisha ya Zeno, hata asiyejua kusoma aweze kujifunza kwa macho. Kanisa hili nalo lilipatwa na tetemeko la mwaka 1117, likajengwa tena kubwa kuliko kwanza.

Cha tatu ni Ponte Pietra, yaani Daraja la Mawe. Lina matao matano, na Warumi walilijenga kabla ya kuzaliwa Kristo. Mara nyingi mafuriko yalilibomoa, na watu wakalitengeneza. Hata mwezi wa Aprili 1945, siku chache tu kabla ya vita kwisha katika Italia, majeshi ya Wajerumani yaliyokuwa yakirudi nyuma yaliyalipua madaraja ya mji kwa baruti. Matao manne ya Ponte Pietra yakaanguka mtoni.

Ingekuwa rahisi kujenga daraja jipya na kuyaacha yale mawe majini. Lakini Piero Gazzola, aliyekuwa msimamizi wa majengo ya kale, hakukubali. Mawe yalitolewa mtoni na kupambanuliwa. Mwaka 1957 mafundi wakaanza kuyarudisha, wakifuata picha na michoro ya zamani, na mwaka 1959 kazi ikamalizika. Mtu akisimama ukingoni leo huona mawe meupe ya Warumi kando ya matofali mekundu ya nyakati za baadaye, na watu wakivuka juu yake kwa miguu.

Basi tazameni: daraja lililodumu miaka 2,000 lilivunjwa kwa usiku mmoja, na kulirudisha kulihitaji saburi ya miaka mingi. Kuharibu hakuhitaji maarifa mengi. Kurudisha kilichoharibika ndiyo kazi ya fundi.

MASWALI
1. Ni jambo gani lililobomoa ukuta wa nje wa Arena?
2. Mapokeo husema Zeno alitoka wapi?
3. Kwa nini mafundi walihitaji picha za zamani?
4. Taja kitu cha kale katika nchi yako kinachofaa kutunzwa, na ueleze sababu.