Ustahimilivu wa Manusura Hujengwa na Majirani

Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa. Katika vijiji vyetu vya mpakani tunaishi na watu waliovuka usiku wakikimbia vita, waliofiwa na jamaa zao, au waliotendewa ukatili njiani. Hulima, huuza sokoni na huitikia salamu kama wengine. Nasi husema, "Huyu ni jasiri, amekwisha kusahau." Kauli hiyo, ijapokuwa ya nia njema, yaweza kumfungia mtu mlango wa msaada.

Maana ya ustahimilivu

Ustahimilivu ni uwezo wa kurudia maisha yenye utulivu na matumaini baada ya kupatwa na jambo la kutisha. Si kutolia, wala si kunyamaza. Anayeshtuka mlango unapobishwa hajakosa ustahimilivu. Mwili wake bado unajilinda na hatari iliyokwisha kupita.

Wala si kipaji cha kuzaliwa nacho tu. Mtaalamu Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Miongoni mwa waliokulia katika shida nyingi, takriban theluthi moja walikuwa watu wazima imara. Jambo mojawapo lililowafaa ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewajali pasipo kuchoka.

Mfano wa Byumba

Huko Byumba, kaskazini mwa Rwanda, si mbali na mpaka wa Uganda, ilianzishwa mwaka 2005 kazi ya tiba ya kijamii kwa watu walioumizwa na vita na mauaji ya kimbari ya 1994. Watu 10 hadi 15 wa eneo moja hukutana mara moja kwa juma, kwa majuma 15, wakiongozwa na wenzao waliofunzwa. Huanza kwa kujenga usalama. Kisha huja kuaminiana, kutunzana na kuheshimiana. Funzo kubwa ni mpangilio huo: usalama hutangulia, habari za mateso hufuata.

Wajibu wetu

Kwanza, tusimlazimishe manusura kusimulia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unafundisha mambo matatu: kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Kituoni, polisi wanahitaji maelezo ili haki itendeke; lakini yachukuliwe faraghani, na asirudishwe kuyaanza upya katika kila meza. Jirani asiye na kazi na maelezo hayo asiyadai.

Pili, tumrudishie uamuzi. Aliyetendewa kwa nguvu alinyang'anywa hiari yake. Kumwuliza, "Mama, ungependa tuanze na lipi?" ni mwanzo wa kuirejesha. Huenda akataka maji, au mwanawe aliyepotea atafutwe.

Tatu, tumwunganishe na wenye ujuzi: afisa wa ustawi wa jamii, zahanati, na viongozi wa dini anaowaamini. Aliyebakwa afikishwe kwenye huduma ya afya mapema iwezekanavyo, kwa kuwa dawa za kukinga virusi vya UKIMWI hazina budi kuanzwa ndani ya saa 72. Matibabu yasisubiri karatasi.

Nne, tujue mpaka wa uwezo wetu. Mtu asiyelala wala kula kwa majuma kadhaa anahitaji mtaalamu. Anayezungumza juu ya kujiua asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, kumwita mtu jasiri na kumwacha peke yake si kumheshimu. Heshima ni kukaa karibu naye hadi aweze kusimama.

Maswali ya kujadili barazani

1. Katika kijiji chetu, manusura akihitaji msaada usiku, humwendea nani kwanza?
2. Ni maneno gani tunayoyatumia kufariji, ambayo kumbe humnyamazisha mtu?
3. Nani miongoni mwetu yuko tayari kumsindikiza manusura kituoni au zahanati?