Kompyuta Ikiganda, Tusikimbilie Kununua Nyingine



Katika ziara zetu kuzunguka Mlima Meru tumekuta kompyuta kadhaa za msaada zimefunikwa kitambaa, zikisemwa zimekufa. Moja, upande wa Usa River, ilikuwa ikiganda kila mhazini alipofungua hesabu, na taarifa ya robo mwaka ilikuwa humo ndani. Kamati ilikwisha kuanza mchango wa kununua nyingine.

Tulitazama saa yake kwanza. Ilionyesha Januari 2002. Hapo tukajua pa kuanzia.

Kompyuta huamshwa na programu ndogo iitwayo BIOS. Katika mashine nyingi za mezani, hasa za zamani, mipangilio yake, kama vile tarehe, kasi ya kumbukumbu na diski ya kuanzia, hutunzwa kwa nguvu ya betri ndogo mfano wa sarafu, CR2032 ya volti 3. Betri ikichoka, au mtu akichokonoa mipangilio, mashine yaweza kuganda au kujizima. Na sisi tunaochomoa waya kila jioni kwa kuogopa radi tunaichosha betri hiyo mapema, maana hapo ndipo inapofanya kazi peke yake. (Radi nayo ni ya kuogopwa, tuendelee kuchomoa.)

Kwanza nakilini mipangilio iliyopo kwenye daftari, hasa ya diski, kwani ikibadilika Windows yaweza kukataa kuwaka. Kwa kompyuta mpya zilizofungwa kwa BitLocker, muwe na ufunguo wake wa tarakimu 48. Kisha zimeni, chomoeni waya, bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Fungueni kasha, guseni chuma chake, toeni betri, ngojeni dakika 10, wekeni mpya ikitazama upande uleule. Mkiwasha, bonyezeni Delete au F2, chagueni Load Setup Defaults, rekebisheni tarehe, hifadhini.

Mafaili hayafutiki, kwa kuwa yako kwenye diski. Mhazini wetu hakuamini mpaka alipoyaona.

Ikiendelea kuganda, safisheni vumbi kwenye feni kabla ya kumwita fundi. Kiangazi chetu mnakijua.

Taarifa ya Usa River ilichapwa jioni ileile. Fedha za mchango, kwa uamuzi wa kamati, zilinunua UPS.