Madaraja ya Hasamba: yaandikwe haya kabla zabuni haijatangazwa

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Wilayani Mbozi, iliko kata ya Hasamba, mvua huanza Novemba. Katikati pana miezi minne tu ya mto mdogo na barabara kavu, na ndiyo miezi ambayo magari ya kahawa yanapita. Ikisubiriwa Julai ifike ndipo mhandisi aanze kupima, mkataba utasainiwa mawingu yakiwa yamekwisha kutanda, na msingi utachimbwa ndani ya maji. Zege la namna hiyo haliwezi kudumu. Kwa hiyo diwani na mtendaji wa kata ya Hasamba wanaotaka daraja lao likarabatiwe wamfuate mapema meneja wa wilaya wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ili usanifu na makadirio yawe tayari kabla ya Julai.

Ukaguzi ufanyike mara mbili. Mvua zikiwa zimepamba moto, tazameni maji yanapofika. Nyasi zilizonasa kwenye matawi zitawaonyesha, na wazee wa pale mtoni watawaambia mwaka gani yalipita juu ya daraja. Kiangazi, shukeni chini mkatazame miguu ya daraja. Madaraja mengi ya vijijini hayavunjiki kwa uzito wa malori. Maji huchimba udongo chini ya msingi hadi unabaki unaning'inia. Ukibadilisha mbao za juu na kuuacha msingi ulivyo, fedha imekwenda na maji.

Hapo ndipo swali la vifaa linapokuja. TARURA, kwa msaada wa Ubelgiji, ilijenga madaraja ya mawe ya tao mkoani Kigoma, na magharibi mwa Uganda nako yamejengwa. Tao husukumana lenyewe kwa lenyewe, hivyo halihitaji nondo. Linataka mawe magumu, saruji, mchanga na fundi mwashi anayejua kazi yake. Kwa mto mdogo wenye kingo imara na mawe mazuri karibu, mimi ningelifikiria kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha inabaki kwa wachimba mawe na mafundi wa hapohapo. Jiwe lipimeni kwa nyundo: gumu hulia, bovu hutoa sauti nzito na kumeguka. Kisha mhandisi athibitishe maabarani. Pale ambapo udongo ni laini, tao halifai, na asiwepo wa kulilazimisha.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inadai thamani ya fedha, na thamani hiyo haionekani kwenye bei ya kwanza peke yake. Chukua mfano wa kukokotoa tu: daraja la mbao ni shilingi milioni 20, na kila baada ya miaka 5 mbao hubadilishwa kwa milioni 8. Likitumika miaka 30 utakuwa umezibadilisha mara 5, jumla milioni 60. La mawe la milioni 45 lililoonekana ghali siku ya kwanza ndilo rahisi. Hesabu hii ifanywe wakati wa usanifu, kwa sababu zabuni ikishatangazwa wazabuni watashindana kwa kile kilichoandikwa tu.

Basi kiandikwe. Mchanga na mawe vitoke wapi, maana kuchota mchanga jirani na daraja ni kuualika mto uchimbe msingi. Mashimo ya kifusi yafukiwe na kupandwa miti. Vyuma na mawe ya daraja la zamani vihesabiwe kabla, ionekane vipi vitatumika tena. Njia ya mchepuko iwe na kifungu chake chenye bei; isipokuwepo, mjamzito anayekwenda zahanati na mkulima mwenye kahawa ndio watakaoilipia.

Sheria hiyohiyo imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha kinamama wanaoponda kokoto hakitaipata kama hakijasajiliwa kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma, na usajili unataka muda. Afisa maendeleo ya jamii akae nao mapema, si wiki ya zabuni.

Kazi ikianza, msingi usifukiwe kabla mhandisi hajaupima na kamati ya kijiji haijauona kwa macho. Zege limwagiliwe maji angalau siku 7. Mkandarasi alipwe kwa wakati. Naye, kabla ya hati ya malipo inayofuata, aonyeshe kwamba vibarua na waliomletea mawe wamelipwa. Hili naliwekea mkazo: kijiji kilichodhulumiwa ujira hakilindi daraja.

Kipindi cha uangalizi wa kasoro kisipungue miezi 12, ili kipitie msimu mzima wa mvua. Fedha ya zuio, ile sehemu ya malipo ya mkandarasi inayoshikiliwa, isiachiliwe mpaka mhandisi na kamati washuke tena chini ya daraja Mei, maji yakiwa yamepungua, waukague msingi na kingo, na kila ufa uandikwe na kurekebishwa kwa gharama ya mkandarasi.