Mfungueni: Somo kwa Vijana Kuhusu Wenzetu Wanaoacha Dawa za Kulevya



Vijana wenzangu, leo tufungue Injili ya Yohane 11:38-44, Lazaro anapofufuliwa. Tuangalie jambo moja tu. Kumtoa kaburini, Yesu alifanya mwenyewe. Lakini Lazaro alitoka akiwa bado amefungwa sanda mikono na miguu, na kazi ya kumfungua Yesu aliwaachia waliokuwa pale. Angeweza kuifanya. Aliwaachia wao.

1. Neema na tabia

Katekisimu (namba 2291) inafundisha kwamba kutumia dawa za kulevya, nje ya tiba, ni kosa zito. Hapo hatulainishi. Lakini namba 1735 inatukumbusha kuwa mazoea na hofu vinaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu. Kwenye falsafa, Aristotle alitufundisha kuwa tabia hujengwa kwa kurudia tendo. Basi hata kuijenga upya kunataka kurudia, siku baada ya siku. Kumwambia mtu "sali tu, utaacha" hakutoshi, na kumwambia "usisali, wewe ni mgonjwa" ni kumnyima mkate.

Mtakatifu Marko Ji Tianxiang, tabibu wa China, alinaswa na afyuni akakaa takriban miaka 30 bila Komunyo. Hakuacha kusali. Alikufa shahidi mwaka 1900, akatangazwa mtakatifu mwaka 2000.

2. Tiba iwe karibu na nyumbani

Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waathirika wa heroini. Mwananyamala na Temeke zikafuata. Dawa hiyo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Ukikosa, arosto inarudi. Kwa hiyo umbali wenyewe unaweza kumshinda mtu.

Tena methadoni haitibu bangi wala pombe. Huku Nachingwea na Ruangwa, wengi ninaokutana nao kwenye utume wamenaswa na bangi, au na nipa ya mabibo. Wao wanahitaji ushauri nasaha, familia, kazi na muda. (Angalizo: mlevi wa siku nyingi akiacha ghafla anaweza kupata degedege. Apelekwe hospitali kwanza.)

Mama mmoja aliniuliza, "Frateri, nikimpeleka mwanangu si watamkamata?" Nikamwambia, "Mama, twende wote." Tulikwenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, akatusikiliza. Wazazi wengi wanakwamia hapo tu, kwa kukosa wa kuongozana naye.

3. Sanda tulizoshika sisi

Jamani, jina "teja" ni sanda. Mtu ameacha mwaka mzima, bado tunamwita hivyo.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ya vijana hutolewa kwa kikundi. Maana yake mwenzetu aliyetoka kwenye unga hawezi kuupata peke yake. Lazima wawepo vijana waliokubali jina lake liandikwe pamoja na ya kwao. Serikali inaweza kuweka fedha. Kumwamini ni kazi yetu.

Halafu kuna msimu wa korosho. Pesa za mnada zinaingia, mabibo yamejaa, na kila kona kuna wa kumvuta. Miezi hiyo ndiyo ya kumpitia jioni, kumwalika jumuiya, kumpa zamu kwaya. Akianguka, tumrudie. Kuanguka tena hutokea kwa wengi wanaopona.

Ya kutafakari

- Nani mtaani kwangu ametoka kaburini lakini bado amefungwa?
- VIWAWA parokiani kwetu, tungekubali aingie kikundi chetu cha mkopo?
- Namfahamu ofisa ustawi wa jamii wa eneo langu?

Tusali

Bwana Yesu, wewe unaita watu watoke. Utupe mikono isiyoogopa kugusa sanda zao. Mtakatifu Marko Ji Tianxiang, utuombee. Amina.