Mtihani wa GED: Somo kwa Wenye Watoto Marekani



Nyumba nyingi katika miji yetu ya pwani leo zina mtoto au ndugu aliyeko Marekani. Miongoni mwao wapo waliokwenda kabla ya kumaliza masomo ya sekondari, na umri umewapita wa kuketi skuli pamoja na watoto. Mtu wa namna hii huosha vyombo au hubeba mizigo mwaka baada ya mwaka, na kila aombapo kazi iliyo bora au nafasi ya chuo huulizwa hati ya kumaliza skuli, naye hana. Twapenda kueleza mlango uliofunguliwa kwa ajili yake, ili wazee wake wajue la kumshauri.

Mlango huo ni mtihani uitwao GED. Ulianzishwa mwaka 1942, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kwa ajili ya vijana walioacha masomo wakaingia jeshini. Baadaye raia nao wakaruhusiwa. Msingi wake ni kwamba mtu apimwe kwa anachokijua, si kwa miaka aliyokaa darasani. Afauluye hupewa hati na serikali ya jimbo analokaa, na vyuo vingi pamoja na waajiri huihesabu kuwa badala ya hati ya skuli. Ama aliyemaliza Kidato cha Nne kwetu na hati anayo, asikimbilie mtihani huu. Kwanza aulize chuo anachokitaka kama hati yake ya Kenya yatosha, kwani huenda ikatosha.

Mtihani una mafungu manne. Hisabati ni dakika 115. Kusoma na kuandika ni dakika 150. Sayansi ni dakika 90. Na maarifa ya jamii ni dakika 70. Tangu mwaka 2014 hufanywa kwa kompyuta. Hutolewa kwa Kiingereza na kwa Kihispania; kwa Kiswahili haupo. Alama huanzia 100 hata 200, na kila fungu lataka 145. Wala ziada ya fungu moja haizibi upungufu wa jingine: mwenye 170 katika sayansi na 140 katika hisabati hajafaulu hisabati. Lakini upo wasaa, kwani si lazima mafungu yote yafanywe siku moja, na aliyeanguka katika moja hulirudia hilo peke yake.

Sasa tuje katika lililo kubwa. Wengi wadhani kujitayarisha ni kuhifadhi vitabu. Hifadhi ina daraja yake, walakini mtihani huu hasa wapima fahamu. Katika hisabati mwanafunzi hupewa karatasi ya kanuni, na isipokuwa sehemu ya mwanzo, huruhusiwa kutumia mashine ya kuhesabia. Katika sayansi na maarifa ya jamii huwekewa maelezo, jedwali au ramani, kisha huulizwa ni lipi lithibitikalo kwa hayo yaliyo mbele yake. Na katika kuandika huwekewa hoja mbili zipinganazo, akapewa dakika 45 aeleze ni ipi yenye dalili zenye nguvu zaidi. Haulizwi yeye apenda upande upi. Mwenye kuandika rai yake tupu, hata kwa Kiingereza kizuri, hakujibu aliloulizwa.

Basi matayarisho yafuate tabia ya mtihani wenyewe. Kwanza, afanye mtihani wa majaribio ili ajue udhaifu wake u wapi, asipoteze miezi katika analolijua. Pili, asome gazeti la Kiingereza kila siku, na kwa kila makala ajiulize: mwandishi adai nini, na dalili yake ni ipi? Tatu, azoee kuandika kwa kompyuta, kwani mwenye kutafuta herufi moja moja wakati humwishia na maneno bado anayo. Nne, aanze na fungu analoliweza, apate moyo. Tano, atafute madarasa ya watu wazima katika mji wake. Mengi hayatozi ada.

Wako pia watu wauzao vyeti kwa njia ya intaneti, wakiahidi hati pasi na mtihani. Hati hiyo ni karatasi tu. Siku itakapochunguzwa, mwenye nayo atapoteza fedha, kazi na jina lake. Hakuna GED ya halali isiyofanyiwa mtihani.

Limebaki jambo ambalo dawa yake i mikononi mwetu, nalo ni haya. Kijana huyu huona aibu kusema kuwa hakumaliza skuli, hasa akiwa nyumbani huhesabiwa kuwa amefika. Sisi nasi kila tukipiga simu twamuuliza fedha, hatumuulizi masomo. Afanyaye kazi mbili ili atutumie hana saa ya kusoma, na mwaka utapita, na wa pili, naye yu pale pale. Na binti aliyeolewa akaenda huko huachwa nyuma zaidi, kwa kudhaniwa hana haja ya hati. Ilhali akifikwa na ujane au talaka katika nchi ya ugeni, hati hiyo ndiyo itakayomsaidia kuwalisha wanawe.

Basi yawapasa wazee wapunguze madai yao kwa muda, wamwambie waziwazi mtoto wao kwamba kurudi masomoni mtu mzima si fedheha. Miezi michache ya kupokea kidogo si hasara kubwa, ikiwa mtoto atainuka katika kazi ambayo bila ya hati hiyo angezeekea humo.