Kuvunja Mkataba kwa Taratibu

Mwaka 2003 uendeshaji wa maji ya Dar es Salaam ulikabidhiwa kampuni ya City Water kwa miaka 10. Kazi ikawashinda. Mei 2005 Serikali ikatangaza kuuvunja mkataba. Na kabla taratibu hazijatimizwa, ikazitwaa ofisi na kuwafukuza nchini wakuu wa kampuni. Mwaka 2008 wasuluhishi wa ICSID walikata shauri kwamba Tanzania ilivunja agano lake na Uingereza. Fidia hawakuitoza, kwani kampuni ilikuwa imekwisha kupoteza thamani yake. Kwa maoni yetu ilikuwa bahati tu. Wasomaji mnaoketi katika halmashauri, kisomeni kifungu cha kuvunja mkataba kabla ya kile cha bei.