Maumbo ya Nchi katika Ramani ya Kompyuta

Ramani ya karatasi haibadiliki baada ya kuchapwa. Ile ya intaneti huweza kukuzwa, kusogezwa, na kutoa habari za mahali panapoguswa. Lakini kompyuta haitambui kata, mto wala kisima. Hutambua namba tu. Kwa hiyo kila umbo sharti kwanza liandikwe kwa namba.

Aina za maumbo

Kisima huonyeshwa kwa nukta, mto kwa mstari, na kata kwa poligoni, yaani mzunguko uliofungwa. Kila nukta ina namba mbili, longitudo na latitudo. Longitudo za magharibi ya Greenwich na latitudo za kusini ya Ikweta hutanguliwa na alama ya kutoa. Ili poligoni ifungwe, nukta ya kwanza hurudiwa mwishoni. Basi mstatili huandikwa kwa nukta 5, wala si 4.

Mpangilio wa namba

Wanajiografia wamezoea kutaja latitudo kwanza. Mfumo wa GeoJSON, uliotolewa mwaka 2008 na kuwekewa kanuni rasmi mwaka 2016, hufuata desturi ya grafu za hisabati: x kwanza, kisha y, yaani longitudo hutangulia latitudo. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha makosa mengi. Dar es Salaam ipo karibu na longitudo 39.28 na latitudo -6.8. Namba hizo zikibadilishana nafasi, jiji litaonekana Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Nayo Dodoma, yenye longitudo 35.74 na latitudo -6.17, itatumbukia katika Bahari ya Atlantiki, karibu na Tangier. Kompyuta haitatoa onyo lolote, kwa kuwa namba zote ni halali.

Umuhimu wa usahihi

Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa Dar es Salaam walianza kuchora kata zinazopatwa na mafuriko, katika mradi wa Ramani Huria. Katika kazi kama hiyo, mfereji ukiwekwa pasipo mahali pake, waokoaji nao hupotea. Yafaa basi kila umbo lilinganishwe na mahali panapojulikana kabla ya ramani kutumiwa.

Zoezi

Mwanza ina longitudo 32.9 na latitudo -2.52. Namba hizo zikibadilishana nafasi, mji huo utaonekana katika nchi gani? Tumia atlasi. (Jibu: Moroko.)